Mimi Sili, Wewe Usile, Asile Mtu

Hotuba kwa viongozi wa vikundi, wazee wa Nyumba Kumi na walimu, Kisumu

Waheshimiwa wazee, akina mama na akina baba, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, hamjambo.

Nitaanza na samaki, maana tuko Kisumu. Sokoni Kibuye utamkuta ngege, utamkuta mbuta, utaikuta omena imemwagwa juu ya gunia. Kando kidogo utamkuta mumi. Msabato mwaminifu hamli mumi. Walawi sura ya 11 inamhalalisha samaki mwenye mapezi na magamba, na mumi hana magamba, ngozi yake ni laini tupu. Wasabato wana misheni ng'ambo ya ghuba hii, pale Gendia karibu na Kendu Bay, tangu 1906. Kwa zaidi ya miaka 100 wamepita mbele ya karai la mumi wakaenda kununua ngege, na imani yao haikupungua kwa sababu jirani alikula mumi.

Nataka mshike sentensi tatu kutoka kwa karai hilo. Ya kwanza: mimi sili. Ya pili: wewe usile. Ya tatu: asile mtu. Masikioni zinafanana kama ndugu wa tumbo moja, lakini kila moja hudai kitu chake kabla ya kusimama. Ya kwanza hudai dhamiri yako tu, wala hulazimiki kumweleza mtu yeyote. Ya pili hudai sababu ambayo mwenzako anaweza kuipima, na hudai sikio lake, ambalo ni lake kukupa au kukunyima. Ya tatu hudai uonyeshe kwamba kuna mtu anaumizwa.

Kosa ninalotaka tulitazame leo ni moja: kuisimamisha sentensi ya tatu kwa nguvu ya ile ya kwanza. Mtu ana uhakika kabisa moyoni kwamba jambo fulani ni baya. Uhakika huo ni wa kweli, na mara nyingi ameulipia kwa kujinyima. Kisha anadhani unatosha kumshika mwenzake mkono. Hautoshi. Uhakika wako unatuonyesha jinsi unavyoamini, hautuonyeshi jirani ameumizwa wapi.

Katiba yetu ya 2010 imeziweka sentensi hizi mahali pake. Ibara ya 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni, na uhuru wa kuidhihirisha imani hiyo hadharani, kwa kuabudu, kufundisha na kuadhimisha. Hapo zimelindwa "mimi sili" na "wewe usile" zote mbili, kwa kuwa mahubiri na mawaidha ni haki yako. Ibara hiyo hiyo inaendelea kusema kwamba mtu hatanyimwa kazi, wala nafasi katika taasisi au huduma, kwa sababu ya imani yake, na kwamba hatalazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Ibara ya 44 inaongeza jambo ambalo wazee wa mila wanapaswa kulijua kwa moyo: hakuna anayeruhusiwa kumlazimisha mwingine kufanya, kufuata au kupitia desturi au tambiko lolote. Lolote, hata lile tunalolipenda.

Sasa, mtu atajuaje kwamba ameteleza kutoka sentensi moja hadi nyingine? Mwanasaikolojia wa Marekani, Elliot Turiel, pamoja na wenzake, walitumia miaka mingi kuwauliza watoto maswali kuhusu kanuni za shuleni na nyumbani. Waligundua kwamba hata mtoto mdogo hutenganisha. Ukimuuliza: mwalimu akisema leo ruhusa kumpiga mwenzako, je, ni sawa? Atakujibu hapana, bado ni vibaya. Ukimuuliza: mwalimu akibadilisha kanuni ya mavazi au ya mahali pa kukaa, je? Atakujibu ndiyo, hiyo mwalimu anaweza kuibadilisha. Na yapo mambo ambayo mtoto huyaona kuwa yake mwenyewe, kama vile kuchagua rafiki. Kwa hiyo kuna makapu matatu: kapu la madhara na haki, kapu la desturi, na kapu la hiari ya mtu.

Ugomvi mwingi unaofika kwa wazee huanza pale kitu kinapohamishwa kapu bila mtu kutambua. Kunyoa nywele baada ya msiba ni desturi. Urefu wa sketi ni desturi, na pengine ni hiari. Lakini msikilize mtu aliyekasirika akiyasema: atatumia maneno ya kapu la madhara. "Anatuharibu." "Anatuua." Hapo uliza maswali mawili kwa sauti. Je, kama mkuu wetu angeliruhusu, lingekuwa baya bado? Je, huko wasikokuwa na kanuni hii, watu wanaumia? Kumpiga mjane ni baya kwa maswali yote mawili. Mjane kuacha nywele zake kichwani si baya kwa lolote.

Baada ya hapo ndipo kipimo cha madhara kinapoingia. Mwingereza John Stuart Mill alikieleza mwaka 1859: nguvu inaweza kutumiwa juu ya mtu mzima, bila hiari yake, kwa ajili tu ya kumzuia asiwadhuru wengine; faida yake mwenyewe, ya mwili au ya roho, si sababu ya kutosha. Wengi hunukuu hapo na kuacha alichoongeza, kwamba faida ya mtu ni sababu nzuri ya kumshauri, kumjadili, hata kumsihi. Hakusema tunyamaze. Alichokataa ni kulazimisha tu.

Kipimo hiki kina sehemu zake, na kikitumiwa nusu kinadanganya. Mtaje aliyeumia, "jamii" na "kizazi hiki" si majina ya watu. Sema ameumia nini: mwili, mali, usalama, au haki gani. Kuudhika hakutoshi, kwa sababu kila mtu huudhiwa na kitu, na ukikifanya kuudhika kuwa jeraha, mwenye hasira nyingi ndiye atakayetawala mtaa. Angalia kama aliyeumia ni mtu mzima aliyekubali, naye alikuwa na njia ya kukataa. Mwisho, tafuta njia ndogo zaidi ya kuzuia jeraha hilo na uachie hapo.

Tuchukue kelele, maana kesi zake ni nyingi. Kanisa limeweka spika uwanjani, baa imeweka spika mlangoni. Majirani wa baa husema muziki ule ni uasherati, majirani wa kanisa husema mahubiri yale ni ya uongo. Wote wameshika kitu kisichopimika. Kanuni za kelele za 2009 zimeacha maneno hayo kando kabisa. Katika makazi, nje ya nyumba, kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni hizo unaanza baada ya saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto anayesoma na mgonjwa asiyelala wanaumizwa na sauti, awe anayeimba ni kwaya au ni benga. Ukienda kulalamika, lalamika juu ya sauti na saa. Ukianza kuhukumu ujumbe umeshapoteza kesi, na pengine umeanzisha vita vya dini katika mtaa uliokuwa na shida ya spika tu.

Nije kwenye jambo zito, ambalo eneo letu linalijua kwa uchungu.

Wabukusu hutahiri vijana wao mwezi wa Agosti, kila mwaka wa shufwa. Kwao kisu kile ni mlango wa utu uzima. Waluo kwa desturi yao hawakutahiri. Alama yao ya zamani ilikuwa kung'oa meno sita ya chini. Ni jamii mbili jirani, na kila moja iliweka alama yake mwilini, pake. Hilo halina ubaya. Ubaya uliingia pale mtu alipokamatwa njiani na kukatwa kwa nguvu. Imetokea zaidi ya mara moja, katika misimu ya Agosti huko magharibi, wanaume wa jamii nyingine wakikimbizwa na kushikwa. Na ilitokea kwa ukatili mkubwa Nakuru na Naivasha mwezi wa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, wanaume Waluo walipotahiriwa kwa panga na vipande vya chupa, na wengine wakapoteza maisha. Waliotenda vile walikuwa na maneno ya maadili midomoni. Walisema wanamfanya mtu kuwa mwanamume.

Sasa tazameni jambo lile lile la mwili likifanywa kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 2002, hapa hapa Kisumu, ulifanywa utafiti wa wanaume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24, kuona kama tohara hupunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Desemba 2006 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu matokeo yalikuwa wazi: hatari kwa mwanamume ilipungua kwa zaidi ya nusu, na tafiti zote tatu za Afrika zilipowekwa pamoja, karibu asilimia 60. Hebu fikirieni. Serikali ilikuwa na ushahidi wa madhara, ugonjwa wa kuua, na kinga iliyopimwa. Kama kuna mahali ambapo mtu angeshawishika kulazimisha, ni hapo. Haikulazimisha. Wazee wa Kiluo walishirikishwa, wakaeleza hofu zao, na ikaelezwa wazi kwamba hii ni huduma ya afya isiyomgeuza mtu kuwa wa kabila lingine. Mpango ulizinduliwa Novemba 2008, miezi kumi tu baada ya damu ya Naivasha. Kila aliyeingia kliniki alielezwa faida na hatari, akatia sahihi mwenyewe, na aliyekataa alirudi nyumbani na heshima yake. Wanaume mamia ya maelfu walikuja kwa miguu yao.

Ni kiungo kile kile, ni nchi ile ile, na ni mwaka ule ule mmoja. Kilichotofautisha ni hiari. Nawaomba msiharakishe kuupita mfano huu, kwa sababu unajibu lile neno linalosemwa katika kila baraza, kwamba bila nguvu watu hawabadiliki.

Jambo la pili zito ni la wajane, yaani tero, desturi ya Waluo ya mjane kurithiwa na shemeji au mwanamume mwingine wa ukoo wa marehemu. Hapa nataka niwe mwangalifu, kwa sababu watu wanaoitetea desturi hii hawasemi "tunaudhika". Wanasema kuna madhara. Wanasema mjane asipopata jater, yaani mwanamume wa kumrithi, nyumba imevunja kwer, yaani mwiko, na chira, laana ya kuvunja mwiko, itawaangukia watoto, watakonda na kufa. Kwa hiyo ukiwaambia "hakuna anayeumia" hujawajibu. Wao wanaona mtoto anayeumia.

Jibu liko katika ushahidi. Anayetaka kuutumia mwili wa mtu mwingine lazima aonyeshe madhara ambayo hata asiye wa imani yake anaweza kuyaona na kuyapima. Mtoto anayekonda anaweza kupimwa hospitalini: ana kifua kikuu, ana utapiamlo, ana virusi. Ukimtibu ugonjwa wake, anapona au haponi kwa sababu ya ugonjwa huo. Na hata yule anayeamini chira kikamilifu bado anabaki na swali la njia ndogo: je, hakuna sala au tambiko ambalo familia inaweza kulifanya yenyewe, bila kumgusa mwanamke aliyekataa? Zipo koo zilizoridhika na mlinzi wa mji wa heshima tu, shemeji anayesimamia boma bila kulala na mjane. Koo hizo hazikuacha kuwa Waluo.

Kisheria hakuna utata. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 imetaja kwa jina kumrithi mjane kwa nguvu na "kumtakasa" mjane kuwa ni ukatili wa nyumbani. Imetaja pia kitu kingine ambacho huwashangaza wengi: shemeji na wakwe kuingilia ndoa ya watu. Mjane anaweza kwenda kortini akapewa amri ya ulinzi. Na kwa Sheria ya Urithi, anayeingilia mali ya marehemu bila mamlaka, akang'oa mabati au akafukuza ng'ombe, ametenda kosa lenye faini ya hadi shilingi 10,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wazee wa Nyumba Kumi, mjane akija kwenu usiku, msianze na swali la kama amefuata mila. Anzeni na swali la kama yuko salama, na kama hati ya shamba na cheti cha kifo viko mikononi mwake.

Mavazi nitayapita haraka, kwa kuwa hayana ugumu. Mwanamke kuvuliwa nguo stendi kwa sababu ya sketi yake ni shambulio. Baada ya visa vya Novemba 2014 na maandamano ya akina mama Nairobi, Kanuni ya Adhabu iliongezewa kifungu cha 251A, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 20. Anayevua nguo za mtu ili kutetea staha ameivunja staha mwenyewe, mbele ya watoto waliokuwa wakipita.

Pombe ni ngumu zaidi, na historia yake inafundisha. Mwaka 1980 sheria ilipiga chang'aa, pombe kali ya kienyeji, marufuku kabisa: asinywe mtu. Kwa miaka 30 chang'aa haikukoma, ilihamia vichochoroni. Ikihamia huko hakuna anayekagua, na muuzaji anayetaka ikolee upesi huongeza methanoli. Methanoli haileweshi sana kuliko pombe ya kawaida. Inachofanya ni kugeuzwa mwilini kuwa asidi inayoua neva ya jicho kwanza, kisha mtu mwenyewe. Mwaka 2000 Nairobi walikufa watu zaidi ya 100 kwa mkupuo mmoja. Sheria ya 2010 iliyosukumwa na John Mututho, wakati huo mbunge wa Naivasha, ilifuta marufuku ile na kuuliza swali jingine: nani anaumizwa, na wapi? Hapo ikatokea leseni ya mtengenezaji, chupa ya glasi, katazo la vipimo vya chini ya mililita 250 ambavyo mtoto wa shule angeweza kumudu, katazo la kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi. Sisemi sheria hiyo imemaliza ulevi. Utekelezaji wake umelegea, na sumu imeua watu tena baada yake. Lakini imekaa mahali sahihi: inamlinda mtoto, na inamlinda mnunuzi asiyejua kilicho ndani ya kikombe. Mlevi mwenyewe ameachiwa mke wake, mchungaji wake na rafiki zake wamsihi. Na kumsihi huko kusidharauliwe. Ni kazi kubwa ya upendo.

Ningekuwa mwongo kama ningewaacha mkidhani kipimo hiki kinatoa majibu mepesi kila mara. Kuna mahali kinapasua kichwa.

Ukeketaji ulipigwa marufuku na sheria ya 2011, na sheria hiyo inasema ridhaa ya aliyekeketwa si utetezi. Daktari Tatu Kamau alikwenda Mahakama Kuu mwaka 2017 akidai mwanamke mzima aachiwe uamuzi wake. Mwaka 2021 mahakama ilikataa. Mtu anayeshikilia hiari kama mimi anapaswa kulijibu hilo waziwazi. Jibu langu ni kwamba hiari hudai mlango wa kukataa, na katika sehemu nyingi za Kisii na Kuria mlango huo ulikuwa umefungwa kwa matusi, kwa kukosa mume, kwa kutengwa na wakwe. Sheria yenyewe imelijua hilo: kumtukana au kumdhihaki mwanamke kwa kuwa hakukeketwa, au mwanamume aliyemwoa, ni kosa lenye kifungo kisichopungua miezi sita au faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili. Ukiniuliza kama ipo siku dhihaka itakwisha kabisa na mwanamke mzima mmoja atake mwenyewe, bila shinikizo la mtu, nitakuambia hapo hoja yangu inapungua nguvu. Hatujafika hapo, na wasichana wanaokatwa leo ni watoto.

Mtoto ndiye mpaka wa pili. Mtu mzima akikataa hospitali kwa imani yake, tunamsihi, tunamwombea, na mwisho tunamwachia. Akimkatalia mtoto mwenye nimonia, ameshatoka kwenye "mimi sili". Mtoto ni mtu mwingine. Ibara ya 53 inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza, na chifu anayesubiri kwa kuogopa kugusa dini ya watu anachelewesha dawa ambayo huenda ilihitajika jana.

Hamu hii ya kulazimisha inatoka wapi? Si ubaya wa moyo kila mara. Mara nyingi ni hofu ya baraka na laana za pamoja, kama tulivyoona kwa chira. Mara nyingine ni aibu ya ukoo, maana kwetu jina la mtu mmoja ni la wengi. Na mara nyingine, hili tuliseme kwa upole, mtu amechoka na sharti lake mwenyewe. Kujinyima peke yako ni kuzito. Wote wakijinyima, mzigo unaonekana mwepesi. Ukijiona umekasirishwa na jambo la jirani ambalo halikugusi hata kidogo, kaa chini ujiulize kama kinachokuuma ni kwamba yeye amepata alichojinyima wewe.

Ndugu zetu Waislamu wana masimulizi mashuhuri ya Khalifa Umar. Usiku mmoja alisikia sauti za anasa ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu na pombe. Mtu yule akamjibu kwamba yeye ametenda kosa moja, na Khalifa ametenda matatu: amepeleleza, na Qur'ani inasema msipelelezane; ameingia kwa ukuta, na imeamriwa kuingia kwa milango; ameingia bila kubisha wala kusalimu. Umar akamwacha. Hakuna aliyesema pombe imekuwa halali. Kilichosemwa ni kwamba njia ya kumfikia mkosaji nayo ina maadili yake. Naye Paulo, katika Warumi sura ya 14, anawakuta watu wanaogombania vyakula na siku, na hamruhusu anayekula amdharau asiyekula, wala asiyekula amhukumu anayekula. Anawauliza: wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine?

Basi, "wewe usile" isemwe namna gani? Yatakayofuata ni ya ufundi, na nawaomba myaandike. Nenda peke yako. Usiende na ujumbe kutoka kwa "watu wanasema". Omba ruhusa kwanza: "Mama Akinyi, kuna jambo linanisumbua, naweza kulisema?" Akisema si leo, rudi siku nyingine au usirudi. Sema ulichokiona kwa macho, usiseme ulichokisikia. Sema mara moja kwa ukamilifu, ueleze sababu yako, kisha mwache aseme, hata kama atakaa kimya dakika tano. Sema utakachofanya wewe, kwa mfano kwamba hutamkopesha pesa za pombe. Usimpangie atakachofanya yeye. Kisha ondoka na usirudie. Mwanasaikolojia Jack Brehm alieleza mwaka 1966 kwamba mtu akihisi uhuru wake unabanwa, hamu ya kile alichokatazwa huongezeka. Ushauri wa mara ya nne haumsaidii mtu, unamsukuma kule kule.

Na kuna namna inayoharibu kila kitu: kumtaja mtu katika maombi ya kikundi. "Tumkumbuke dada yetu fulani, shetani anamshambulia katika ndoa yake." Hayo ni masengenyo yanayosemwa kwa macho yaliyofumbwa. Kufikia jioni yatakuwa kwenye WhatsApp ya mtaa. Kama unataka kumwombea, Mungu anamjua kwa jina bila wewe kulitaja.

Nimalizie na vyama vyetu, kwa sababu hapo ndipo wengi wenu mna mamlaka halisi. Chama cha akina mama 20 wanachangia shilingi 500 kwa wiki. Mwanachama mmoja ana mwanamume asiye na ndoa naye. Anafiwa na baba yake, na kamati inamnyima mkono wa pole kwa sababu ya "mfano mbaya". Hilo ni kosa la hesabu kabla ya kuwa kosa la maadili. Pesa alizochanga hazikuwa na sharti la ndoa. Kanuni haiandikwi baada ya msiba. Andikeni katiba siku ya kwanza. Kila sharti litokane na lengo la chama, yaani kuweka akiba, kukopeshana na kuzikana. Adhabu ijulikane kabla. Na mtu akitoka, arudishiwe akiba yake ndani ya siku mlizokubaliana.

Kanisa na msikiti ni tofauti. Watu hujiunga nao kwa ajili ya maadili yenyewe, kwa hiyo wanaweza kuwawekea waumini wao masharti makali, na anayekataa anao mlango wa kutoka. Lakini kisima kilichochimbwa na kanisa kikishafunguliwa kwa mtaa mzima, ndoo ya yule mama anayeuza busaa inajazwa sawa na ndoo ya shemasi. Mwenye ploti naye anaweza kudai kodi kwa wakati, usafi wa choo na utulivu wa usiku. Kumuuliza mpangaji anasali wapi, au nani alilala kwake Jumamosi, hakumo kwenye mkataba.

Mmekuja na katiba za vikundi vyenu, nimeziona mezani. Chukueni kalamu. Tutasoma kila sharti kwa sauti, na kando yake mtaandika moja, mbili au tatu: mimi sili, wewe usile, asile mtu. Penye tatu, mwenyekiti atatutajia ni nani anayeumizwa, na vipi. Akikosa la kusema, tutalikata. Tuanze na kikundi cha mbele hapa, ukurasa wa kwanza.